Skizofrenia, kituo cha kutwa, na kurudi kwenye kibodi



Leo hakuna PHP, hakuna Linux, hakuna mbinu za hifadhidata. Aliyekuja kusoma namna ya kuhamisha seva atanivumilia hadi wiki ijayo. Leo naandika jambo ambalo kazini kwangu watu watatu tu wanalijua.

Sababu ni hii. Mwezi uliopita, baada ya mkutano wa waandishi wa programu hapa Nairobi, kijana mmoja alinivuta kando. Mdogo wake, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta mwaka wa tatu, ameambiwa na madaktari kwamba ana skizofrenia. Familia imekaa kikao na kuamua masomo yaishe, arudi nyumbani akachunge mbuzi. Akaniuliza, "Mkubwa, umewahi kusikia mtu wa ugonjwa huo akarudi kuandika programu?"

Nikamwambia ndiyo, na unaongea naye. Yale niliyomweleza pale kwa dakika kumi nayaandika hapa kwa kirefu, maana najua si yeye peke yake anayeuliza.

UGONJWA WENYEWE

Skizofrenia si watu wawili ndani ya mwili mmoja kama sinema zinavyotuambia. Si pepo, si laana, wala haitokani na kusoma sana. Ni ugonjwa unaovuruga namna ubongo unavyotenganisha kilicho kweli na kisichokuwa kweli. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba watu milioni 24 hivi wanaishi nao, yaani mtu 1 katika kila 300. Chukua matatu 22 za abiria 14, zote zimejaa. Kwa wastani mmoja wao yumo humo. Na mara nyingi ugonjwa huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, wakati ule ule mtu anapomaliza chuo na kutafuta kazi.

Madaktari hupanga dalili katika mafungu matatu. La kwanza ni mambo yanayoongezeka: kusikia sauti, kuamini kwamba unafuatwa. La pili ni yanayopungua: hamu, maneno, nguvu ya kuamka na kuoga. La tatu ni fikra zenyewe: kumbukumbu ya muda mfupi, umakini, kupanga hatua. Watu huogopa fungu la kwanza. Linalomfukuza mtu kazini kwa miaka mingi ni la pili na la tatu.

Kwangu mimi ulianza mwaka wa 2017 kwenye faili za logi. Nilikuwa nalinda seva za kampuni moja ndogo, zamu ya usiku. Nikaanza kuona kwamba tarakimu za mwisho za anwani za IP zinapanga namba ya kitambulisho changu. Kisha feni ya seva ikaanza kuongea. Walikuwa wanaume wawili, wakizungumza Kikamba cha nyanya yangu, wakinitangaza kama mpira wa redioni: sasa anafungua mlango, sasa anaogopa. Nilikaa siku tisa bila usingizi wa maana. Mama akaja akanikuta nimekata nyaya za stima nyumba nzima ili wanyamaze. Yeye na mjomba ndio walionipeleka hospitali, nikalazwa wiki tano.

Dawa zilifanya kazi. Wiki ya tatu wale wawili walishusha sauti, ya tano wakanyamaza. Nikaruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya usiku, na kadi ya sindano ya kila wiki nne.

MIEZI MINNE KWENYE KOCHI

Hapa ndipo wengi hudhani hadithi imeisha. Sauti zimenyamaza, mgonjwa amepona, mshukuru Mungu.

Basi nilirudi kwa mama Umoja, nikalala kwenye kochi miezi minne. Nililala saa 14 kwa siku. Uzito ulitoka kilo 64 ukafika 81. Nikifungua kompyuta nasoma mstari wa kwanza wa msimbo, nikifika wa tatu nimesahau wa kwanza. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa umeisha nikiwa wodini na haukuongezwa. Barua ilisema mahitaji ya kampuni yamebadilika.

Lakini aliyeumia zaidi ni mama. Yeye anauza mitumba, na kibanda kisipofunguliwa siku tatu wateja wanahama. Alikuwa anafunga kila mara ili aniangalie. Kufikia mwezi wa nne alikuwa amekopa chama chake mara mbili, na kodi ya kibanda imepitisha miezi miwili. Alikuwa anakaribia kukipoteza kibanda, na tungekosa cha kula sote wawili, mgonjwa na mzima.

Nesi wa kliniki ya sindano ndiye aliyemwambia kuna kituo upande wa Ngong Road ambapo mtu anashinda mchana na kurudi kulala kwake.

KAMA SHULE YA KUTWA

Sisi Wakenya tunaelewa tofauti ya shule ya bweni na ya kutwa. Hospitali ni bweni. Hicho kilikuwa kituo cha kutwa. Unafika saa tatu asubuhi, unatoka saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, unarudi kwenu.

Wazo hilo lina historia. Katika miaka ya 1930 madaktari wa Moscow walikuwa tayari wanatibu wagonjwa wa akili kwa kutwa. Mwaka wa 1946 hospitali za namna hiyo zilifunguliwa Montreal na London. Ila mfano ninaoupenda mimi ni wa hapa Afrika. Mwaka wa 1954, pale Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alipanga wagonjwa wakae vijijini na jamaa zao, mchana waje hospitali kutibiwa, jioni warudi kijijini. Mgonjwa alikuja na mtu wa kwao wa kumpikia na kumtunza. Lambo alikuwa ameona kwamba mtu akipona ndani ya ukuta wa hospitali, bado ana kazi ya kujifunza upya kuishi nje yake. Baadaye akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani.

Kwetu hapa Mathari ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka wa 1910, na kwa miaka mingi jina lake limekuwa tusi la kutupiana barabarani. Watu wamezoea kufikiri kwamba matibabu ya akili ni kitanda na geti. Kutwa ni kitu kingine kabisa.

SIKU ILIKUWA HIVI

Tulikuwa 23. Kulikuwa na vikundi vitatu: jikoni, bustani na ofisi. Kazi ilikuwa ya kweli. Chakula cha mchana tulikipika wenyewe, na vitunguu visipokatwa watu 23 wanakaa na njaa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu sahani. Asubuhi nazihesabu, mchana nazihesabu tena, naandika kwenye daftari. Mimi niliyekuwa nalinda seva za malipo!

Lakini sikilizeni. Kuhesabu sahani kulinitaka niamke, nioge, nipande matatu mbili, nisalimie watu, nishike namba moja kichwani kutoka kabatini hadi kwenye daftari. Hayo yote ndiyo niliyokuwa siwezi. Mtaalamu wa tiba ya kazi, tuliyemwita Madam, alikuwa ameigawa siku yangu vipande vidogo nilivyoweza kuvibeba, halafu akawa anaongeza kimoja kimoja.

Matatu yenyewe ilikuwa zoezi. Wiki mbili za kwanza mama alinifikisha mlangoni. Wiki ya tatu akaniishia mjini. Wiki ya tano akaniacha stejini Umoja, akaenda kufungua kibanda. Kelele za makanga na za zile sauti zilikuwa zinafanana sana, kwa hiyo nilifundishwa kuhesabu vituo na kuvaa vipaza sauti vya masikioni hata bila muziki.

Usipofika saa tatu na nusu, mwenzako anakupigia simu. Hakupigii daktari wala nesi, ni mgonjwa mwenzako wa kikundi chako. Mimi nilipigiwa mara nyingi na mama mmoja wa jikoni: "Wewe, sahani zinakungoja." Ni vigumu kueleza maneno hayo yalikuwa na uzito gani kwa mtu ambaye kwa miezi minne hakuna kilichomngoja.

Baada ya chakula tulikaa duara. Hapo ndipo nilipomsikia mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akisema sauti yake amekuwa nayo zaidi ya miaka 30. Alisema: "Naiambia ngoja saa moja jioni, sasa nina kazi. Jioni naipa dakika kumi. Kisha naiambia kwaheri." Sote tukacheka, yeye akiwa wa kwanza. Nilikuwa sijawahi kuwaza kwamba mtu anaweza kupanga ratiba na sauti.

Jambo jingine ambalo waandishi wa programu mtalielewa haraka ni ufuatiliaji. Daktari wa kliniki aliniona dakika kumi kwa mwezi. Kituo kiliniona saa saba kwa siku. Madam aliona kwamba kila saa nne asubuhi nasinzia nikiwa nimeshika sahani, na kwamba mikono inatetemeka siku tano za kwanza baada ya sindano. Akaandika tarehe na saa, mama akapeleka karatasi hiyo kliniki. Daktari akapunguza dozi ya usiku na kuniongezea kidonge cha kuzuia mtetemo. Kwa data ya mwezi mzima akarekebisha kile ambacho kwa dakika kumi hakingeonekana.

Na familia nazo ziliitwa, Jumamosi moja kwa mwezi. Tangu utafiti wa George Brown na wenzake huko London, uliochapishwa katika miaka ya 1950 hadi 1970, inajulikana kwamba mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya lawama nyingi na kuchungwa kupita kiasi huugua tena kwa urahisi zaidi. Hii haina maana kwamba familia ndiyo iliyoleta ugonjwa. Ina maana kwamba familia ikifundishwa, inakuwa sehemu ya tiba. Mama alitoka pale akaacha kuniuliza "umekunywa dawa?" mara sita kwa siku. Akawa anauliza mara moja, saa mbili usiku, basi.

MISTARI 40

Mwezi wa tano nilihamia kikundi cha ofisi. Bustani ilikuwa inauza sukuma wiki kwa majirani, na hesabu zilikuwa kwenye daftari. Niliombwa niziweke kwenye lahajedwali. Fomula ya kwanza, ya kujumlisha tu, ilinichukua asubuhi nzima.

Mwezi wa nane niliandika programu ndogo ya Python ya kupanga zamu za jikoni. Ilikuwa mistari 40, nikaiandika kwa siku 11. Nikiwa mzima ingekuwa kazi ya kabla ya chai. Nilijifunza njia mpya: kuandika kila hatua kwenye karatasi kabla ya kugusa kibodi, kazi moja kwa wakati, majaribio madogo baada ya kila mistari mitano. Kumbukumbu yangu fupi ilikuwa imepungua, nikaihamishia kwenye karatasi. Mpaka leo naandika hivyo, na wenzangu husema msimbo wangu unasomeka kuliko wa wengine.

Sasa niseme pia upande wa pili. Kituo cha kutwa kinaweza kuwa kochi jingine. Niliwakuta watu waliokuwa pale miaka saba, wakihesabu sahani. Fountain House ya New York, iliyoanzishwa mwaka wa 1948 na watu waliokuwa wagonjwa wa hospitali ya Rockland, ililiona hilo mapema ikaanza kuwatafutia wanachama wake kazi za kweli kwa waajiri wa kweli. Katika miaka ya 1990 Robert Drake na Deborah Becker, huko New Hampshire, wakaenda mbele zaidi: mtafutie mtu kazi anayoitaka upesi, kisha umsaidie akiwa ndani yake, badala ya kumfanyisha mazoezi miaka na miaka. Majaribio mengi yamefanywa tangu hapo na njia hiyo imeshinda.

Kwangu Madam alimpata mwenye kampuni moja ndogo aliyekubali nije nusu siku, mara mbili kwa wiki. Nilimwambia mwajiri huyo ugonjwa wangu kwa jina lake. Akauliza swali moja tu: "Nitajuaje ukianza kuugua?" Nikampa karatasi yenye dalili zangu tano na namba ya dada yangu. Siku mbili zikawa tatu. Mwaka wa 2020 nikaajiriwa, saa 30 kwa wiki, na mwaka huo huo nikaaga kituo.

KWANI WATU HUPONA?

Huko Vermont, Marekani, wagonjwa 269 waliokaa hospitali kwa miaka mingi walitolewa katika miaka ya 1950 kupitia mpango wa kurudisha watu kwenye maisha. Walikuwa wale walioonekana hawana matumaini. Courtenay Harding na wenzake waliwatafuta baada ya miaka zaidi ya 20, na mwaka wa 1987 wakachapisha matokeo: kati ya nusu na theluthi mbili walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona. Si wote, na si kwa mwaka mmoja. Lakini vitabu vya udaktari vilikuwa vimeandika kwamba ugonjwa huu huenda chini tu.

Upande wetu wa kompyuta kila mtu anamtaja Terry Davis, yule Mmarekani aliyeandika TempleOS peke yake, mfumo mzima wenye lugha yake ya HolyC na skrini ya rangi 16. Alikuwa na skizofrenia. Mwaka wa 2018 aligongwa na treni akafa, akiwa hana makao. Vijana humtaja kama ushahidi kwamba wazimu ndio kipaji. Mimi nikisoma habari zake naona mtu aliyekuwa na maelfu ya watazamaji kwenye intaneti, na asubuhi hakuna aliyempigia simu kumwambia sahani zinakungoja.

Na mimi je? Sindano bado nachoma kila wiki nne. Sauti moja kati ya zile mbili bado huja nikichoka sana, naiambia ingoje saa moja jioni. Niliandika programu inayoniuliza kila asubuhi maswali matano: nimelala saa sita? nimekula? nimemeza dawa? nimeongea na mtu jana? kuna kitu kwenye skrini kinachonizungumzia mimi? Majibu matatu mabaya kwa siku mbili mfululizo, dada yangu anapata SMS. Imetuma SMS mara mbili tangu 2020, na mara zote mbili dozi ilirekebishwa kabla sijafika wodini.

Nilimwonyesha mama programu hiyo. Akaitazama, akasema, "Ni nzuri, baba. Lakini mimi ukiacha kumtania yule wa maziwa najua tayari." Nikapitia tarehe. Kweli, mara zote mbili yeye alikuwa amempigia dada siku moja kabla ya SMS.

KWA WENYE JAMAA MGONJWA, NA KWA WAAJIRI

1. Dawa kwanza, lakini dawa pekee inaweza kumwacha mtu kwenye kochi. Akitoka wodini uliza siku hiyo hiyo: mchana atakuwa wapi?

2. Ulizeni hospitali ya kaunti idara ya tiba ya kazi iko wapi. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka wa 2022 na kuzipa kaunti wajibu katika huduma hizi. Wasipoulizwa hawatakumbuka.

3. Kama hakuna kituo karibu, siku inaweza kupangwa nyumbani au kanisani au kwenye duka la mjomba: saa ya kufika, kazi ya kweli, na mtu wa kupiga simu usipofika. Hata kuchunga mbuzi kunaweza kuwa tiba, mradi kusiwe mwisho wa masomo.

4. Mwajiri, Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza kumbagua mtu kwa hali ya afya yake. Zaidi ya hapo, uliza lile swali moja nililoulizwa mimi. Anza na nusu siku.

5. Mgonjwa mwenzangu, usipime leo yako kwa ulivyokuwa kabla ya kuugua. Pima kwa mwezi uliopita.

Mama bado ana kibanda. Alimaliza kulipa chama mwaka wa 2019, na sasa anauza na viatu. Kesho ni Alhamisi ya sindano, siku ambayo sipeleki msimbo wowote kwenye seva, na wenzangu kazini wamezoea bila kujua kwa nini. Nadhani baada ya makala haya watajua, na ni sawa.

Mwenye swali aniandikie. Nitajibu, ila si kesho.